Kwa Wadogo Zangu Mnaoanza Kuandika Kuhusu Wakristo na Waislamu wa Zama za Kati

Nimemaliza kusoma mapendekezo ya utafiti ya mwaka huu, na kama ilivyokuwa mwaka jana na mwaka juzi, yamegawanyika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la Vita vya Msalaba: linaanza Clermont, Ufaransa, mwaka 1095, Papa Urban II akihubiri, na kuishia mwaka 1291 Acre, bandari ya pwani ya Palestina, na katika karne hizo mbili hakuna aliyelima, aliyeuza pilipili wala aliyelipa ushuru. Watu wanauana tu. Fungu la pili linahamia Córdoba, katika Hispania ya Waislamu, ambako kila mtu anamsomea jirani yake mashairi bustanini, na hakuna anayekumbuka kwamba katika mji huohuo, kati ya mwaka 850 na 859, Wakristo wapatao hamsini waliuawa kwa kumtukana Mtume hadharani au kwa kuhesabiwa kuwa wameritadi. Nawapenda nyote, lakini nimechoka kuandika maoni yaleyale pembezoni mwa kurasa zenu.

1. Kabla ya kuandika "Wakristo" au "Waislamu", tajeni mji na mwaka. Patriaki Timotheo I, mkuu wa Kanisa la Mashariki, aliyejadiliana masuala ya imani na Khalifa al-Mahdi huko Baghdad mnamo mwaka 781, alikuwa Mkristo. Mfaranki, yaani Mkristo wa Ulaya Magharibi, aliyevamia Shamu karne tatu baadaye naye alikuwa Mkristo, ila huyu wa pili angemwita yule wa kwanza mzushi. Juzi kwenye semina nilimtaja Rodrigo Díaz, mpiganaji Mkristo wa Hispania anayejulikana zaidi kama El Cid, ambaye alifukuzwa na Mfalme Alfonso VI mwaka 1081, akaenda kuwatumikia wafalme Waislamu wa Zaragoza, akamteka vitani mtawala Mkristo wa Barcelona, kisha mwaka 1094 akautwaa mji wa Valencia kwa faida yake mwenyewe. Mmoja wenu akauliza, kwa uchungu wa kweli, "Sasa huyu alikuwa upande gani?" Swali ni zuri. Kosa ni kudhani kwamba lina jibu moja linalofaa kwa miaka yote hiyo.

2. Msinukuu kifungu ambacho hamjasoma kinachokifuata. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu somo hili nililipia.

Tasnifu yangu ya umahiri ilisimama juu ya Ibn Jubayr, yule katibu wa Granada aliyekwenda kuhiji na mwaka 1184 akapita katika nchi ya Wafaranki akitoka Dameski kwenda Acre. Kifungu chenyewe mnakijua: baada ya kupita ngome ya Tibnin aliwakuta wakulima Waislamu chini ya mabwana wa Kifaranki, wakitoa nusu ya mavuno pamoja na dinari moja na kirati tano kwa kila kichwa, na ukiacha kodi ndogo ya matunda ya miti, nyumba na mali zao haziguswi. Nilikikuta kimenukuliwa katika kitabu cha mtu mwingine, nikakipenda mno, nikajenga juu yake sura nzima ya ujirani mwema. Maandishi kamili sikuyafungua, ingawa nakala ilikuwa maktaba, rafu ya chini, na Kiarabu changu kilitosha. Siku ya utetezi mtahini wa nje, mzee mpole mwenye sauti ya chini, alinisogezea kitabu kikiwa wazi na kuniomba nisome kuanzia pale nukuu yangu ilipoishia. Nikasoma. Mwandishi hakuwa akisifu, alikuwa akilia. Alihesabu kuwa ni msiba kwamba Waislamu wanalalamikia dhuluma ya mabwana wa dini yao huku wakishukuru uadilifu wa adui. Mzee akaniambia niendelee. Mbele kidogo nikakutana na mateka wa Kiislamu wakitembea kwa minyororo na kufanyishwa kazi za watumwa, wanawake wakiwa na pingu za chuma miguuni, na mji wa Acre ukiombewa maangamizi. Nikakuta pia kwamba wasafiri wa Kimaghribi walitozwa ushuru wa ziada kwa sababu wenzao waliwahi kupigana na Wafaranki pamoja na Nuruddin, mtawala wa Shamu. Haya yote yalikuwa ndani ya safari ileile, kwa kalamu ileile. Niliamriwa kuiandika sura upya, na ada ya muhula wa nyongeza ilitolewa na kaka yangu, ambaye hadi leo akisikia jina la Ibn Jubayr huuliza kama ameshalipa lile deni.

Kifungu kile si cha uongo. Kilimo na biashara viliendelea kweli. Ibn Jubayr mwenyewe alistaajabu kuona misafara ikienda na kurudi kati ya Dameski na Acre wakati Sultani Salahuddin ameizingira ngome ya Wafaranki ya Karak. Lakini aliwataja wale wakulima ili kuwaaibisha watawala Waislamu, na ushahidi wa aina hiyo hupimwa kwa kuangalia nani alikusudiwa kuaibika.

3. Andikeni mwaka wa Hijria na wa Miladia pamoja: vita vya Hattin, ambavyo Salahuddin aliwashinda Wafaranki, ni 583 na ni 1187.

4. Kisa cha Usama ibn Munqidh, mwungwana Mwislamu wa Shamu, akisali Yerusalemu, Mfaranki mgeni akamgeuza uso kuelekea mashariki na watawa-askari wa Hekalu wakamwondoa Mfaranki huyo na kumwomba Usama radhi, mnaruhusiwa kukitumia mara moja tu, na mseme kwamba aliyekiandika alikuwa mzee aliyependa visa vizuri.

5. Mkataba usomeni kama mkataba. Mwaka 1229 Sultani al-Kamil wa Misri alimkabidhi Frederick II, Kaisari wa Dola Takatifu ya Kirumi huko Ulaya, mji wa Yerusalemu kwa muda wa miaka kumi, eneo la Haram, penye Msikiti wa al-Aqsa, likibaki mikononi mwa Waislamu. Mnauita uvumilivu wa dini, lakini al-Kamil alikuwa akigombea Dameski na mtoto wa ndugu yake, na Frederick alikuwa ametengwa na Kanisa. Dameski mkataba huo uliombolezwa misikitini, na patriaki wa Yerusalemu akaufungia mji wake ibada. Waliokasirika wakati ule wanafundisha zaidi kuliko waliotia sahihi.

6. Na kwa nini hakuna anayechagua Nubia, nchi ya Mto Nile kusini mwa Misri? Mwaka 652 jeshi la Waarabu kutoka Misri lilishindwa kuitwaa Dongola, mji mkuu wa Makuria, na likafuata patano lililoitwa baqt, ambalo kwa karne nyingi liliufanya ufalme huo wa Kikristo wa Nubia upeleke watumwa kila mwaka na kupokea nafaka na nguo. Ipo barua ya mwaka 758 iliyopatikana katika ngome ya kale ya Qasr Ibrim huko Nubia, ambamo gavana wa Misri anamlalamikia mfalme wa Nubia kwamba wafanyabiashara wake wamezuiliwa na kwamba watumwa wanaoletwa ni vilema na wazee. Humo mna dini, biashara, ubabe na ukatili, vyote katika barua moja, na msomeni yule gavana mkiwakumbuka pia hao waliopelekwa. Anayeitaka mada hiyo aje ofisini kabla ya Ijumaa, na awe ameisoma barua yenyewe hadi mwisho.