Kuacha kazi kwenda misheni: usiandike barua Jumatatu

Bwana asifiwe, mkuu. Umesema una miaka 34, ni mhasibu Mwanza, una mke na watoto wawili, mkopo wa mshahara umebakiza miezi 14, yaani hadi Desemba mwakani, na mwaka mzima huu moyo haujatulia: unasikia unaitwa kuwa mwinjilisti kwa wafugaji wa Kimaasai wa Simanjiro, mkoani Manyara. Unauliza kama Jumatatu uandike barua ya kuacha kazi kwa imani. Wengi waliokujibu wamesema ruka tu, Mungu atakudaka. Mimi nakuambia usiandike. Wito wako siupingi, napinga tarehe.

Waliokupa mfano wa Elisha, aliyechinja ng'ombe na kuchoma nira akamfuata Eliya, wamesahau kitu kimoja: wale ng'ombe walikuwa wa kwao. Wako bado ni wa benki. Ukiacha kazi makato yanakoma, deni linabaki, na benki ina haki ya kudai kilichosalia. Mwinjilisti anayekwepa simu za wadai hahubiri chochote kikaaminika. Msome Nehemia pia. Habari za Yerusalemu alizipata mwezi wa Kisleu, akaenda kwa mfalme mwezi wa Nisani, kama miezi minne baadaye. Alipoulizwa anataka nini, alikuwa na hesabu mkononi: muda atakaokuwa safarini, barua za maliwali, na barua kwa Asafu mtunza msitu apewe miti. Ile miezi hakuwa akifunga na kuomba tu.

Anza na mchungaji wa usharika wako, kabla hujawaambia wanakwaya. Barnaba na Sauli waliwekewa mikono na kanisa la Antiokia ndipo wakaondoka, hawakujituma. Simanjiro nako si pori lisilo na mwenyewe, kuna mitaa ya kanisa, wachungaji na wainjilisti wanaolijua eneo. Kupitia mchungaji wako, andikieni uongozi wa kanisa kule mkiuliza mambo matatu: nitakaa mtaa gani, msimamizi wangu ni nani, na posho italipwa na nani, tarehe ngapi. Jibu liwe kwa maandishi. "Wewe njoo tu, Bwana atafungua njia" siyo barua ya kupokelewa.

Jaribio lako ni likizo. Sheria ya kazi inakupa siku 28 kwa mwaka. Za mwakani zitumie zote huko, na uende Agosti au Septemba. Watu hupenda kwenda kutembea masika, nyasi zimejaa, maziwa yamejaa, ibada imejaa, wanarudi wanalia kwa furaha. Kiangazi ndipo utaona kazi yenyewe: morani wamehama na mifugo kutafuta malisho, wanawake wanatoka alfajiri na punda kufuata maji, Jumapili chini ya mti kuna bibi wanne na watoto. Ukiona hao wanne wanakutosha kuandaa somo kwa bidii, endelea. Mkeo awepo walau wiki moja, na asiwe mgeni wa kuandaliwa chai. Apike kwa kuni, atumie dumu moja la lita 20 kwa siku, alale huko. Wanaorudi mwaka wa kwanza, mara nyingi sababu iko hapa: mume aliitwa, mke alijulishwa.

Sasa pesa, maana ndiyo kazi yako. Chukua matumizi halisi ya familia, tuseme 900,000 kwa mwezi. Watu 30 wakikuahidi 20,000 kila mmoja, karatasi inasema 600,000. Usiiamini karatasi. Ahadi ya ibadani ina moto mwezi wa kwanza na wa pili, halafu ada za shule zinaingia. Mimi huhesabu theluthi mbili tu, yaani 400,000; zinazobaki 500,000 zitoke kwenye posho iliyoandikwa au kazi ya mkono. Uhasibu unabebeka, hata Paulo alishona mahema Korintho pamoja na Akila na Priskila. Vikundi vya kukopeshana na SACCOS ndogo huhitaji mtu wa kufunga vitabu siku mbili kwa mwezi. Juu ya hapo weka akiba ya miezi sita, 5,400,000, kwenye akaunti isiyoguswa hadi mmehama. Pita NSSF kabla ya barua, siyo baada: fao la kukosa ajira halimhusu aliyeacha kwa hiari yake. Na bima ya afya inayolipwa na mwajiri inaisha na ajira, hivyo panga mapema mtatibiwa kwa bima au pesa ipi.

Lugha ndiyo itakayokusumbua kuliko njaa. Utadanganyika, kwa sababu vijana na viongozi watakujibu Kiswahili safi. Ila bibi wale wanne, na mzee mwenye boma, wengi wao Kiswahili chao ni cha mnadani. Kimaasai huanza na kitenzi, na kinachoonyesha nani kamtenda nani ni toni ya jina lenyewe. Ukiisoma sentensi sahihi kwa toni ya Kisukuma, unaweza kumgeuza mtendwa akawa mtenda, na watu kwa adabu yao hawatacheka. Utaratibu unaofanya kazi ni huu: asubuhi mtu mmoja akurekodie sentensi tano kwenye simu, zisikilize hadi ulimi ulainike, mchana zunguka ukazitumie kwa watu 20, jioni rudi akusahihishe. Miezi sita ya kwanza usihubiri Jumapili. Soma neno, omba, kaa chini. Anza na salamu. Mwanamume unamwambia "supai", anaitika "ipa". Mwanamke ni "takwenya", naye "iko". Watoto watakuinamishia kichwa. Weka kiganja utosini; ukimnyooshea mkono umemwachia mtoto swali. Jina la Mungu, Engai, lina kiambishi cha kike, na neno hilohilo ni mbingu na mvua. Ukisimama kiangazi kutangaza Engai yuko karibu, jiandae kueleza unamaanisha nini.

Ukifika, ripoti kwa mwenyekiti wa kijiji na laigwanani, yaani kiongozi wa jadi wa Wamaasai, kabla ya kukusanya mtu yeyote. Anayeanza na akina mama na watoto kwa sababu ndio wanaokuja upesi, huonekana na wazee kama mtu anayeingilia familia zao, na kulirekebisha hilo huchukua miaka. Na usigawe vitu mwaka wa kwanza. Mahindi na fulana hujaza ibada mwezi mmoja, halafu unabaki ghala lenye Biblia.

Kuna atakayekushtua kwamba ukirudi utakuwa umemkana Mungu. Yohana Marko aliwaacha wenzake Pamfilia akarudi Yerusalemu, Paulo akakataa kwenda naye tena. Baadaye Paulo huyohuyo aliagiza aletwe, kwamba anamfaa kwa utumishi. Kwa hiyo kabla hamjahama kubalianeni, wewe, mkeo na mchungaji, kwamba mkitimiza miezi 12 huko mtakaa kutathmini, na kurudi ni jibu linaloruhusiwa.

Barua ya kuacha kazi ina notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Iandike mwanzoni mwa Desemba mwakani, ukiwa umeomba benki ikupe uthibitisho wa salio, barua ya kupokelewa iko kabatini na mkeo ameitaja tarehe kwa mdomo wake mwenyewe. Shule zitakuwa zinafungwa, watoto waanze Januari huko. Ila uhamisho wao usiuachie Desemba. Mwone mwalimu mkuu kuanzia Oktoba, maana nafasi ya shule yenye bweni la karibu haisubiri mtu.