Paka Mwenye Fuwele Kwenye Mkojo: Umlishe Nini?

Karatasi ya maabara imeandikwa fuwele, yaani punje ndogo za madini zinazoweza kushikana kuwa mawe, alama mbili za kujumlisha, na daktari wa mifugo amesema paka abadilishiwe chakula. Kabla hujatoa pesa dukani, uliza kwanza: fuwele za aina gani? Jibu ndilo linaloamua karibu kila kitu kinachofuata, na mara nyingi halijaandikwa popote kwenye karatasi ile.

Aina mbili ndizo zinazowasumbua paka wengi. Struviti imeundwa na magnesiamu, amonia na fosfeti. Hujengeka mkojo ukiwa mzito na wenye alkali, na nafuu yake ni kwamba huyeyuka kwa chakula kinachofaa. Kalsiamu oksaleti haiyeyuki kwa chakula chochote. Jiwe lake likishakaa kibofuni litatolewa na daktari, na kazi ya chakula hapo ni kuzuia lingine lisiote. Ukimlisha paka wa oksaleti chakula cha kuyeyusha struviti ukisubiri jiwe lipotee, utasubiri bure huku jiwe likiendelea kumkwaruza. Zaidi ya hapo, mkojo wenye tindikali kupita kiasi huipa oksaleti nafasi. Hili liliwahi kutokea kwa mapana. Kituo cha kuchunguza mawe ya mkojo cha Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, kilianza kazi mwaka 1981, na mawe mengi ya paka kiliyopokea wakati huo yalikuwa struviti. Viwanda vya chakula vikapunguza magnesiamu na kuongeza tindikali. Struviti ikashuka kweli, lakini oksaleti ikapanda, na katika miaka ya 1990 ikaipita.

Ndiyo maana sampuli ichukuliwe vizuri. Mkojo ukilala kwenye friji, au ukikaa saa kadhaa mezani, fuwele hujitengeneza zenyewe ndani ya chupa, na paka asiye na shida anaandikiwa ugonjwa. Upimwe ungali wa moto, ndani ya saa moja, au daktari auvute kwa sindano moja kwa moja kutoka kibofuni na kuupima hapohapo. Omba upate vitu vinne: aina ya fuwele, pH (kipimo cha tindikali na alkali), uzito wa mkojo ukilinganishwa na maji, unaopimwa kwa kifaa kiitwacho refraktomita, na picha ya eksirei au ultrasaundi kuona kama kuna mawe. Fuwele chache kwenye mkojo wa paka asiye na dalili yoyote si ugonjwa wa kutibiwa. Na paka kijana anayekojoa damu mara nyingi ana uvimbe wa kibofu unaoletwa na msongo, fuwele ni wapita njia tu. Jambo jingine: struviti ya paka, tofauti na ya mbwa, mara nyingi haina bakteria nyuma yake. Ukipewa antibayotiki, uliza kama mkojo umeoteshwa maabara na bakteria wakaonekana.

Kuna hali moja isiyongoja majibu ya maabara wala chakula. Paka dume anayeingia na kutoka kwenye sanduku la mchanga, anajikunja, analia, anajilamba uume na hakitoki kitu, au kinatoka tone moja la damu, mrija wake huenda umeziba. Potasiamu inapanda kwenye damu, moyo unavurugika, na anaweza kufa ndani ya siku moja hadi tatu. Mpeleke usiku huohuo awekewe mpira wa mkojo. Usimbonyeze tumbo, kibofu kinaweza kupasuka. Wala usimpe panadol: kidonge kimoja cha paracetamol kinaweza kumuua paka.

Sasa chakula, na hapa tuanze na maji, maana maji yana faida kwa struviti, kwa oksaleti, na hata kwa yule mwenye uvimbe wa msongo. Chukua paka wa kilo 4, amehasiwa, anakaa ndani. Anahitaji takriban kilokalori 200 kwa siku, na maji kama mililita 200 ukijumlisha yaliyomo kwenye chakula. Mlishe chakula kikavu chenye kilokalori 370 kwa gramu 100: atakula gramu 54, na ndani yake mna maji mililita 4 hivi, hata kijiko cha chai hakijai. Mlishe cha kopo chenye kilokalori 85 kwa gramu 100: atakula gramu 235, na humo mna maji karibu mililita 190. Paka anayekula kikavu huongeza kunywa, lakini hafikii pengo hilo. Asili yake ni mnyama wa jangwani, kiu yake ni ndogo na figo zake huufanya mkojo kuwa mzito sana. Kwenye mkojo mzito ndiko fuwele zinakokutana na kushikana.

Kwa hiyo chakula cha majimaji, cha kopo au cha pakiti, kiwe chaguo la kwanza. Kama mfuko hauruhusu, gawa nusu kwa nusu: gramu 27 za kikavu na gramu 118 za kopo, kisha kwenye kila mlo ongeza vijiko viwili vya chakula vya maji ya uvuguvugu na ukoroge mpaka uwe kama uji mwepesi. Anza na kijiko kimoja cha chai, kwa sababu paka akikuta chakula chake kimegeuka supu ghafla atakisusa. Mchuzi wa kuku uliochemshwa bila chumvi, kitunguu wala kitunguu saumu unaweza kumshawishi. Vitunguu vyote viwili huharibu chembe nyekundu za damu ya paka, basi mchuzi wa chungu cha familia haufai.

Bakuli la maji liwe pana ili ndevu zisiguse kingo, likae mbali na sanduku la mchanga, na maji yabadilishwe kila siku. Kwenye nyumba za pwani zinazotumia maji ya kisima yenye chumvi, jaribu kumwekea maji ya kunywa mnayokunywa wenyewe. Wapo paka wanaokataa ya kisima kabisa na mwenyewe hajui.

Baada ya maji ndipo ifuate aina ya chakula. Kwa struviti unatafuta chakula cha tiba kilichotengenezwa kuyeyusha: magnesiamu na fosforasi zimepunguzwa, na mkojo unashushwa hadi pH ya takriban 6.0 hadi 6.4. Hill's c/d Multicare, Royal Canin Urinary S/O na Purina Pro Plan UR ni mifano inayopatikana kupitia madaktari wa mifugo. Mfuko wa supamaketi wenye neno 'urinary' kwa herufi kubwa huenda ukasaidia kuzuia, lakini usiutegemee kuyeyusha jiwe. Kwa oksaleti usikazane kutia mkojo tindikali: unataka chakula chenye maji mengi ambacho hakishushi pH sana, na daktari apime kalsiamu kwenye damu, kwa sababu baadhi ya paka hawa wanayo nyingi kupita kiasi na hiyo ndiyo chanzo. Vitamini C usimpe, mwili huigeuza kuwa oksaleti. Vidonge vya vitamini D pia achana navyo.

Vyakula hivi vya tiba vinatosha vyenyewe. Ukiongeza juu yake siki, methionini au dawa nyingine ya kutia mkojo tindikali, damu nayo inaweza kuwa na tindikali, na paka ataacha kula. Baadhi vina sodiamu ya makusudi ili paka anywe zaidi, basi paka mwenye ugonjwa wa figo au moyo asipewe bila daktari kujua. Kadhalika paka mdogo anayekua na jike mwenye mimba.

Huku kwetu kinachoharibu mpango huu ni dagaa. Anakula chakula cha bei kubwa asubuhi, jioni anapewa ugali na dagaa "kidogo tu". Dagaa huliwa na mifupa yake, na mifupa ni ghala la kalsiamu, fosforasi na magnesiamu, yaani malighafi yenyewe ya mawe. Dagaa wa Unguja huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, hivyo hata chumvi yake hujui kipimo. Ugali nao, kama vyakula vya nafaka kwa jumla, husukuma mkojo kwenda upande wa alkali. Wakati wa kuyeyusha struviti paka asile kitu kingine, nukta. Waeleze watoto, dada wa kazi na jirani mwenye huruma. Kama kuna paka wa pili nyumbani, walishwe vyumba tofauti na sahani zitolewe baada ya nusu saa.

Wengine huuliza kama wanaweza kupika wenyewe. Nyama tupu haina kalsiamu ya kutosha, na ukiichemsha na kumwaga maji, umemwaga taurini, kirutubisho cha lazima kwa paka. Ukosefu wa taurini hulegeza na kutanua moyo wa paka, jambo lililothibitishwa mwaka 1987. Samaki wabichi wa aina nyingi wana kimeng'enya kinachovunja vitamini B1. Kupika kunawezekana tu kwa fomula iliyopigiwa hesabu na mtaalamu wa lishe ya wanyama, ikiwa na virutubisho vya kuongeza. Minofu ya kuku ya kuchemsha, ikipewa pamoja na maji yake, itamvusha siku mbili tatu chakula kikiwa kimeisha, basi.

Kubadilisha kufanyike kwa siku 7 hadi 10: robo ya kipya na robo tatu ya cha zamani kwa siku mbili tatu, kisha nusu, kisha robo tatu, kisha kipya pekee. Usijaribu kumkomesha kwa njaa. Paka asiyekula kwa siku mbili, hasa mnene, mafuta huanza kujaa kwenye ini, na huo ni ugonjwa mbaya kuliko fuwele. Akisusa, pasha chakula joto la mwili, jaribu ladha au chapa nyingine ya aina ileile, na mpigie daktari.

Jiwe la struviti kwa kawaida huyeyuka ndani ya wiki chache. Rudia picha kila baada ya wiki nne, na jiwe likishatoweka kwenye picha endelea na chakula mwezi mmoja zaidi, kwa sababu vipande vidogo havionekani. Kama wiki nne zimepita na jiwe halijapungua, ama anakula pembeni, ama si struviti. Kwa kuzuia lisirudi, uzito wa mkojo ukae chini ya 1.035, na kwa oksaleti chini ya 1.030, upimwe kila miezi 3 hadi 6. Vijikaratasi vya kupima pH nyumbani vinadanganya kirahisi, maana mkojo wa saa chache baada ya mlo huwa na alkali kwa muda. Kipimo cha kila siku ni sanduku lenyewe: maji yakiongezeka kwenye chakula, madongo ya mchanga uliolowa huwa makubwa zaidi. Yakianza kuwa madogo na mengi, madogo kama gololi, usingoje miadi.