Throtili ya kujitengenezea inatetemeka: tatizo ni bodi au volyumu?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Ninajenga chumba cha rubani kwa plaiwudi, nikiiga Cessna 172, kwa ajili ya kucheza Microsoft Flight Simulator. Throtili yangu, yaani kidhibiti cha nguvu ya injini, ni kitasa cha kusukuma na kuvuta. Kinazungusha volyumu niliyoing'oa kwenye redio mbovu, na waya zake zinaingia kwenye Arduino Leonardo, bodi ndogo ya kuprogramu inayochomekwa kwenye kompyuta. Nikisukuma hadi nusu, injini haiongezi nguvu ya maana, kisha ghafla inanguruma. Tena hata nikikiacha bila kukigusa, kitasa cha kwenye skrini kinatetemeka. Je, ninunue bodi nyingine?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Hela ya bodi iweke mfukoni. Leonardo inatumia chipu ya ATmega32U4 ambayo inawasiliana na USB moja kwa moja, ndiyo maana kompyuta inaikubali kama jostiki. Ungekuwa na Uno ya zamani, bodi ya Arduino ambayo chipu yake kuu haiongei na USB moja kwa moja, ningejibu vingine. Hapa mkosaji ni volyumu.

Volyumu nyingi za redio ni za logi, kwa sababu ndivyo sikio linavyopokea sauti. Ukiizungusha hadi nusu, ukinzani unakuwa umebadilika kidogo tu; sehemu kubwa inakuja mwishoni. Kwenye muziki hutagundua. Kwenye injini ndio huo mngurumo wako wa ghafla. Ing'oe, iweke katikati, kisha pima ukinzani kwa mita kutoka mguu wa kati hadi kila mguu wa pembeni. Vipimo vikikaribiana, hiyo ni ya mstari, yaani ukinzani wake unabadilika sawasawa unapoizungusha. Kimoja kikiwa mara kadhaa ya kingine, ni ya logi, irudishe kwenye redio. Dukani ulizia B10K, yaani ya mstari, kilo-omu 10. Herufi A kwa kawaida ni logi, ila volyumu za zamani za Ulaya zilitumia herufi hizo kinyume, kwa hiyo amini mita kuliko maandishi.

Kutetemeka kuna sababu zaidi ya moja. Volyumu kuukuu huwa na uchafu na njia iliyolika, lakini nadhani mtambo wako wa kuizungusha unachangia zaidi. Leonardo husoma volti katika ngazi 1,024. Volyumu ya kawaida inazunguka karibu nyuzi 300. Kitasa chako kikiizungusha nyuzi 60 tu, unatumia ngazi kama 200. Ukishakalibreti, yaani kuionyesha kompyuta mwanzo na mwisho wa kitasa, kompyuta inazivuta hizo 200 zijaze safari nzima, na mtikisiko wa ngazi moja unavutwa nao mara tano. Ndiyo maana sipendi watu wakimbilie kwenye mipangilio ya gemu kabla ya kushika bisibisi. Kwa kitasa cha kusukuma na kuvuta, achana na mkono wa kuzungusha: funga volyumu ya kuteleza, kama zile za kwenye mikisa ya muziki, ambayo safari yake inalingana na ya kitasa. Nayo uipime kwanza, maana baadhi ni za logi.

Kwenye waya, miguu ya pembeni iende volti 5 na GND (upande hasi wa umeme), wa kati uende A0, pini ya bodi inayosoma volti. Kati ya A0 na GND, karibu na bodi, lehemu kapasita ya seramiki iliyoandikwa 104 (nanofaradi 100), ili itulize volti. Kama una taa au mota ndogo kwenye paneli, zipe waya wake wa GND hadi kwenye bodi, zisichangie na wa volyumu. Mota ikivuta umeme, usomaji wa throtili unayumba.

Baada ya hapo ndipo uguse programu. Soma mara 16, chukua wastani, na usitume thamani mpya mpaka itofautiane na ya mwisho kwa ngazi mbili au tatu. Ukizidisha, kitasa kitakuwa kizito kuitikia, na utakisikia hasa unapotua. Kitasa chekundu cha mchanganyiko wa mafuta na hewa kiunge vivyo hivyo, ila waya wa kati uende A1.