Yule punda alirudishwa saa ngapi?

Mwanangu, marahaba. Meseji yako ya juzi usiku nimeisoma mara tatu, mara ya kwanza bila miwani nikafikiri mmepigana, kumbe mmebishana tu. Mama yako kasema nikupigie, nikamwambia hapana, ukiwa kwenye daladala hunisikii, na hizo voisi mimi siziwezi, kila nikirekodi naishia kutuma kikohozi. Basi nakuandikia, usome ukipata nafasi.

Kwanza nilishike swali lako vizuri. Kikundi chenu cha Alhamisi huko Dodoma mnasoma Injili, mada yenu ni ufalme wa Yesu na unyenyekevu wake, mmefika Mathayo 21, anaingia Yerusalemu. Mwalimu wenu kasema Yesu alipanda punda kwa sababu punda ni mnyama wa maskini. Wewe ukanyanyuka na Wafalme wa Kwanza sura ya kwanza, Sulemani siku ya kutawazwa alipandishwa nyumbu wa Daudi babaake, kwa hiyo kupanda vile si unyonge, ni kudai kiti cha enzi mchana kweupe. Watu wakagawanyika, wengine wakaondoka kabla ya sala, hata vile viti mnavyoazima kwa jirani vikabaki vimetapakaa ukumbini. Na sasa unaniuliza mimi nani yuko sahihi, wewe au mwalimu.

Nitakujibu. Lakini na mimi niulize: yule punda alirudishwa saa ngapi?

Usicheke. Nyie mmesoma Mathayo ndo mana hamkuliona. Kwa Mathayo wanafunzi wakiulizwa waseme Bwana anawahitaji (yeye kaleta wanyama wawili, mama na mtoto, wenzake watatu wanaye mmoja tu, hilo nalo mkilianza hamtalala), na mwenyewe atawaachia mara moja. Basi. Nenda Marko 11 mstari wa tatu, pale kuna maneno ya ziada, "Bwana anamhitaji, na mara atamrudisha tena hapa." Atamrudisha! Mfalme anaingia mji wake, watu wanatandika nguo zao chini, na kabla hata hajampanda mnyama keshaweka ahadi ya kumrudisha. Mfalme gani duniani anaazima? Mfalme anachukua, mwanangu, hasemi nitarudisha.

Mimi nimelisema hili miaka yote na nyie watoto mnanicheka, lakini nalisema tena, mtu usimpime siku ya kuazima, siku ya kuazima kila mtu ana ulimi wa asali, mpime siku ya kurudisha. Wahenga wenyewe walisema kukopa arusi, kulipa matanga.

Najua unajua hadithi ya punda wa Babu Mihogo, mmeisikia kwa shangazi yako ambaye huitia chumvi. Mimi sijawahi kukuhadithia mwenyewe hadi mwisho.

Ilikuwa 1991, Jumapili ya Matawi mwaka ule iliangukia ndani ya Ramadhani. Wewe ulikuwa tumboni. Kanisa silitaji na mzee wa kanisa simtaji, watu wake wapo na ni watu wazuri. Tulikubaliana mwaka ule tufanye maandamano ya kweli, na punda, apande mtoto mmoja wa Sunday School. Kutafuta punda nikapewa mimi kwa sababu nilikuwa nikimtengenezea Babu Mihogo milango. Nikaenda kwake Jumamosi baada ya laasiri, yuko barazani anasuka ukili, nikamwambia babu, naomba punda kesho. Akaniuliza wa nini, maana mimi sina shamba. Nikasema wa maandamano yetu, tunakumbuka alivyopanda punda Nabii Isa. Akaacha ukili wake akanitazama, akasema, kama ni wa Nabii Isa mchukue, lakini adhuhuri nimpate, nina mihogo.

Wewe wa huko bara siku hizi usisahau Ramadhani hapa Zanzibar ilivyo. Muhogo, majimbi, ndizi mbichi, mwezi ule haukai sokoni, saa tisa watu wanagombania vya futari. Mzee yule mwaka mzima alikuwa anangoja mwezi huo. Nikamwambia adhuhuri babu, na kabla. Nikaapa kabisa, wallahi, mimi Mkristo.

Asubuhi tumekusanyika, tumekata makuti machanga ya minazi, sisi mitende tutaitoa wapi, mara mzee wa kanisa katokea kavaa joho. Joho la bwana arusi, jeusi, uzi wa dhahabu shingoni mpaka chini, kaazima mjini sijui kwa nani. Na nyuma yake mjukuu wake kashika mwavuli. Akasema mtoto hafai kuwa mfalme, mfalme ni mtu mzima. Nani atamjibu? Akapanda yeye. Punda mwenyewe mdogo, wa kijivu, sikio moja limekatika ncha, kazoea shogi la mihogo si joho. Mimi nimeshika kamba mbele.

Tukafika kwenye ule mwembe mkubwa, punda akasimama. Hosana, hosana, punda yuko pale pale. Mwavuli umekwama kwenye tawi. Watu wamekaa barazani wamefunga, wanatutazama kwa adabu hawasemi kitu, lakini watoto hawana adabu ya Ramadhani, mmoja akapiga kelele, "Bwana arusi kakataliwaaa!" Wallahi mwanangu mpaka leo nikilala nikikumbuka nacheka peke yangu, mama yako ananipiga kiwiko.

Lakini siku ile sikucheka, niliona haya, na nilimfikiria bibi yangu wa Mbweni. Nyie hamkumkuta. Mamake alikuwa katika waliokombolewa utumwani wakawekwa Mbweni, ile ardhi iliyonunuliwa na UMCA, misheni ya Waanglikana, mwaka 1871. Bibi alikuwa hapendi kabisa neno mfalme, hata kanisani. Alipotupeleka kanisa la Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa, alituonyesha madhabahu ilipo, akatuambia hapa palikuwa na mti wa kuchapia watu, kabla ya soko kufungwa 1873, mtu akichapwa asilie ndo bei inapanda. Kwake yeye mfalme ndiye aliyeruhusu soko, vingine ni mapambo. Na wanahadithia Januari 1964 alipoondoka Sultani, mimi mtoto wa kubebwa, watu wanakimbia huku na huku, yeye kakaa jikoni anauliza, haya, joho sasa atavaa nani? Mimi naona swali lake lilijibiwa 1991, chini ya mwembe.

Nisimseme sana mzee wa watu. Ndiye huyo huyo aliyeuza baiskeli yake ikanunuliwa bati ya kanisa. Ndo mana nasema binadamu ni mgumu kumsoma, baiskeli kauza hakuna aliyemwona, joho kavaa kila mtu kamwona.

Tukamaliza, saa sita haijafika, ningeweza kumrudisha punda pale pale. Wakasema njooni mle. Pilau ilipikwa nyumbani kwa mzee wa kanisa, tukala ndani, milango tumerudisha kwa heshima ya waliofunga. Punda nimemfunga kivulini nje. Mzee akaniita, fundi, kaa hapa, akaniweka mkono wake wa kulia, kiti kile cha mto, akanisifia mbele ya watu ati bila fundi leo tusingekuwa na punda. Wale wana wa Zebedayo kwenye Marko 10 waliomba wenyewe wakae kuume na kushoto, kwa Mathayo kaombea mama yao. Mimi sikuomba, niliwekewa, nikakaa, nikanogewa. Mara mbili nilitaka kunyanyuka, mzee akasema kaa fundi, punda hana saa. Nikakaa. Hapo ndipo roho inaponiuma, si pa joho, ni hapo. Kwa sababu saa nilikuwa nayo mimi, mkononi.

Tukapigwa picha. Tukalala kidogo kwa shibe. Naamka nasikia adhana, nikadhani ya laasiri, kumbe magharibi.

Nimetoka nje, kivuli kilishahama siku nyingi, kivuli hakikai. Punda kasimama kwenye mchanga mtupu, ulimi nje, kajizungushia kamba mpaka haigeuki shingo. Nikamfungua nikaenda naye mbio gizani. Babu Mihogo yuko barazani peke yake. Mihogo imo kwenye shogi, imefungwa tayari tangu saa saba, haijatoka pale.

Mwanangu hakunipigia kelele. Laiti angenipigia. Kauliza neno moja tu, maji kanywa? Na mimi, sijui ulimi uliteleza vipi, nikasema kanywa babu. Akasema haya, karibu futari. Akachukua birika akanimiminia maji mikononi mwenyewe, na beseni chini, mzee wa miaka sabini ananishikia birika. Tukakaa kwenye mkeka. Muhogo wa nazi, ule ule aliokuwa auze. Ile natia mkono sahanini, nyuma yetu punda kaifikia ndoo. Mwanangu, hujawahi kusikia punda anakunywa vile. Ndoo nzima, anavuta, anapumua, anavuta tena, na sisi wawili kimya tunamsikiliza. Mzee akanisogezea upande wenye nazi nyingi, akasema kula.

Sasa mama yako mpaka leo anasema pale nilisutwa. Anasema mzee yule alijua kila kitu na alinilisha kusudi lile tonge linikwame. Na kweli lilinikwama, na kweli miaka mingi nilikuwa nikipita njia ya nyuma nisimkute barazani. Lakini baadaye nikasema, kwani mgeni akija saa ya futari afanyiwe nini? Ni mila, mtu yeyote angemiminiwa maji, hata mwizi. Basi hakuwa ananifundisha kitu, alikuwa anafuturu. Halafu nasema tena, ah, lakini ule upande wa nazi je? Sijui. Ninachojua ni kwamba Alhamisi Kuu ikisomwa Yohana 13, wenzangu wanaona Yesu kajifunga kitambaa anawaosha miguu wanafunzi, mimi naona birika la bati na mkono wa mzee unatetemeka kidogo.

Hela ya mihogo nilimpelekea baada ya Pasaka, akakataa, nikamtengenezea kitanda. Hicho ndicho ulichokuwa ukipandia ulipokuwa mdogo kwa Babu Mihogo.

Sasa turudi kwako usije ukasema baba kakwepa. Zekaria 9:9 anasema mfalme wako anakuja, na ni mnyenyekevu, na kapanda punda, vyote katika pumzi moja, na mstari unaofuata yanaondolewa magari ya vita na farasi. Kwa hiyo mwalimu kashika neno moja na wewe umeshika neno moja. Ningeweza kusema nusu kwa nusu lakini hiyo ni hukumu ya waoga. Sulemani yupo, huwezi kumfuta, na mwalimu anayesema punda ni umaskini tu hajaisoma ile sura, au kaisoma... hapana, nimesema sihukumu. Na wewe pia jiulize ulisimama na Sulemani wako kwa ajili ya Sulemani au kwa ajili ya kusimama, maana nakujua, una ulimi wa upande wangu. Kwenye Yohana 6 walitaka kumshika wamfanye mfalme kwa nguvu, akaenda zake mlimani peke yake. Hakukaa kuwaeleza.

Ila lile la punda soma Marko mwenyewe. Mstari wa kumi na moja, kaingia hekaluni, katazama kila kitu, kumekuwa jioni, akatoka akaenda Bethania na wale kumi na wawili. Bethania na Bethfage ndo upande ule ule alikotolewa mwana-punda. Hakuna Injili inayosema punda alirudi, mimi naamini alirudi jioni ile ile, wakati watu washakwenda makwao na makuti yamelala njiani. Siwezi kukuthibitishia. Naamini tu.

Na vile viti je? Umesema vilibaki ukumbini. Yule jirani alivipata siku gani, na alivipelekewa na nani?

Mama yako kaja kasimama nyuma yangu anasoma, anasema nikuandikie kwamba pilau ya siku ile kaipika yeye na tumbo lake lile, na kwamba mimi nilirudia sahani mara mbili, hilo sikulisema.