"Leo ulikuwa na mawazo?"

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mdodosaji hapa Moshi. Kila jioni nawapigia simu wafanyabiashara wa soko la Mbuyuni, tunajaza shajara ya siku: kilichowaudhi, walivyojisikia, na jinsi akili zao zilivyofanya kazi. Nikimuuliza mama mmoja "Leo ulikuwa na mawazo?" ananijibu, "Mawazo ya nini, mwanangu? Leo nimeuza vizuri." Msimamizi anasema swali ni sahihi. Nani kakosea? Na je, "mwitikio" ni neno zuri kwa kitu tunachokipima, yaani jinsi kero ya siku inavyobadili hali ya mtu?

JIBU: Marahaba. Sarufi ya swali haina kasoro, na mama naye kajibu Kiswahili safi. Kilichowaponza ni wingi. Ukisema "nina wazo", watu wanasogea wasikie. Ukisema "nina mawazo", wanakuuliza nyumbani kuna nini. "Kuwa na mawazo" ni kuwa na wasiwasi au huzuni, ndiyo maana tunasema "msongo wa mawazo". Mlikusudia kupima kichwa, mkapima moyo kwa mara ya pili. Taja kitendo: "Jambo hilo lilikuwa likikurudia kichwani hata ulipokuwa ukihudumia wateja?" Hapo mama atakuelewa.

"Mwitikio" linafaa, ila libaki kwenye ripoti. Limezaliwa na "itikia", kama kwaya inavyomwitikia kiongozi, ingawa magazeti yametuzoesha "mwitikio wa wananchi" kwa maana ya watu kujitokeza. Kwenye simu halina kazi, kwa kuwa hakuna anayeulizwa mwitikio wake. Unakokotolewa baadaye: hali ya mtu siku ya kero inalinganishwa na hali ya mtu huyohuyo siku iliyopita salama.

Mimi ningehofia zaidi viambishi. "Huwa unakasirika?" linamwalika mtu aeleze tabia yake, naye atajipamba: "Mimi sinaga hasira." (Hiyo "-ga" walimu wenzangu wataniandikia barua, lakini ndivyo atakavyosema.) Shajara imebuniwa ili kumkwepa huyo mtu wa "huwa". "Umekasirika?" nalo linauliza hali ya dakika hii, na kama umempigia akisonga ugali, huenda ni wewe uliyemkasirisha. Tumia "-li-": "ulikasirika?"

Halafu "leo" ni lini? Aliyegombana na jirani saa nne usiku jana, atakuhesabia leo au jana? Kwa hesabu ya zamani ya Uswahilini siku huanza jua likizama, na bado tunasema "usiku wa kuamkia leo". Katika utafiti wa MIDUS wa Marekani, unaohusu afya ya watu wa makamo na ambao sehemu yake ya shajara iliwapigia watu simu jioni 8 mfululizo, waliulizwa yaliyotokea tangu muda kama huo siku iliyotangulia. Kwetu inakaa vizuri kabisa: "Tangu jana saa kama hizi."

Dodoso lao pia liliuliza kuhusu jambo ambalo mtu angeweza kuligombania akaamua kuliacha lipite. Usihangaike kulitafsiri neno kwa neno. Muulize mama, "Kuna lililokuudhi ukamezea?" na uwe na muda wa kutosha kwenye simu, maana hapo Mbuyuni yanamezewa mengi kabla ya saa sita mchana.