Kuinuka Kutoka Sijda Bila Kushika Ukuta

*Mimi mwalimu wa skuli, nina miaka 52. Kila alfajiri natembea kutoka Mpendae hadi Maisara na kurudi. Si inatosha, bila mazoezi ya nguvu?*

Mwalimu, matembezi hayo usiyaache, moyo unayahitaji. Lakini misuli huanza kupungua taratibu tangu miaka ya thelathini, na njia tambarare haiipi kazi ya kutosha. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya nguvu angalau siku 2 kwa wiki, mbali na dakika 150 za matembezi.

Jiangalie ukiinuka kutoka sijda. Mkono unakwenda wapi? Ukitafuta goti au ukuta, mapaja yameshachoka. Chukua kiti imara, kiegemeze ukutani. Kaa ukingoni, mikono kifuani, inuka, kisha teremka polepole ukihesabu hadi tatu. Wengi wakifika hapo kwenye kuteremka hujitupa, na hapo ndipo wanapojinyima faida. Fanya mara 8 hadi 12, pumzika, rudia. Ukiona rahisi, kumbatia dumu la maji la lita 5, nazo ni kilo 5. Baadaye hamia kwenye baraza lililo chini kuliko kiti. Uzito ukibaki uleule miezi sita, nguvu nazo zitabaki pale pale.

*Nalima mwani Jambiani, nina 46. Kila bamvua, maji yakikupwa sana, nabeba viroba. Mazoezi ya nini tena?*

Dada, kazi yako nzito, sina ubishi. Tatizo ni kuwa saa nzima umeinama, na kiroba kinakaa upande uleule. Mgongo unabeba, makalio na nyonga vimelala. Siku za maji mafu, bahari isipokupwa sana, lala chali mkekani, kunja magoti, nyayo chini, inua kiuno, kaza makalio, shusha taratibu. Mara 10, mikupuo miwili. Na kiroba kivute karibu na mwili kabla ya kukinyanyua. Ukitaka kugeuka, geuza nyayo, usisokote kiuno. Nakusihi uanze sasa, kwa sababu hedhi ikikoma mifupa hupungua haraka, na mazoezi ya uzito ni katika vinavyoisaidia kubaki imara.

*Nina presha na natumia dawa. Ninyanyue vitu kweli?*

Mama, kwanza daktari wako ajue, na presha iwe imetulia. Akikuruhusu, anza na uzito mdogo na usibane pumzi hata kidogo, maana kubana pumzi ndiko kunakopandisha presha ghafla. Toa pumzi unaponyanyua, vuta unaposhusha. Kusukuma ukuta kwa viganja, ukiwa umesimama hatua moja nyuma, kunatosha kwa mwanzo. Kifua kikibana au kizunguzungu kikija, acha hapo hapo uende hospitali.

*Mume wangu anasema nitaota kifua cha mwanamume.*

Hutaota. Homoni ya kiume inayojenga misuli mikubwa kwa wanaume, wewe unayo kidogo sana. Mwambie aje mshindane kuinuka kitini.

*Ramadhani je?*

Punguza, usiache. Fanya baada ya tarawehe, ukishakunywa maji, au robo saa kabla ya futari kwa uzito mwepesi. Na futarini, muhogo na ndizi visile nafasi ya samaki, mayai au kunde, maana misuli hujengwa kwa hivyo.