Baiskeli ya gia nzito kwenye lami

SWALI: Nina baiskeli ya gia ya bei nafuu, ringi za inchi 26, shokapu mbele na nyingine chini ya kiti. Naenda nayo kazini, kilomita 14 za lami. Inavuma kama trekta na haikimbii. Fundi anasema nifunge sproketi kubwa zaidi mbele. Ni kweli?
Msomaji, Tanga

JIBU: Sproketi isubiri. Baiskeli nyingi za aina yako zina meno 42 mbele na 14 kwenye gia ndogo ya nyuma (hesabu meno ya yako uhakikishe). Hapo pedeli ikizunguka mara moja unasogea kama mita 6. Ukikanyaga mizunguko 80 kwa dakika, unakaribia kilomita 29 kwa saa. Kama hufiki huko, ukiongeza meno utaongeza uzito wa kukanyaga tu.

Huo mvumo ni vijino vya tairi. Kila kimoja kikigusa lami kinabonyea na kupinda, na nguvu ya miguu yako inaishia hapo. Nunua tairi laini za 26 x 1.50. Wengi hupigwa dukani hapa: 26 x 1.50 ya nukta na 26 x 1½ ya sehemu ni saizi mbili tofauti, hata kama hesabu ya shuleni inasema ni kitu kimoja. Soma namba ndogo ubavuni mwa tairi. Unataka 40-559, yaani upana na kipenyo cha ringi kwa milimita. Ikiandikwa 584 au 590 irudishe, itapwaya kwenye ringi yako. Badilisha na tyubu, maana ile ya tairi pana inaweza kujikunja ndani ya tairi jembamba na kutoboka kwenye mkunjo.

Kwa mtu wa kilo 70, anza na psi 50 mbele na 60 nyuma, bila kuzidi kiwango kilichoandikwa kwenye tairi. Ukijazia kituo cha mafuta, bonyeza kidogo kidogo. Tyubu ya baiskeli hujaa kwa sekunde chache. Kagua ule mstari mwembamba karibu na ringi: ukizama mahali, tairi halijakaa. Toa upepo, paka maji ya sabuni, jaza tena.

Kisha inua kila gurudumu ulizungushe. Likisimama mapema, kwanza tazama kama raba za breki zinagusa ringi. Kama hazigusi, tatizo liko kwenye habu, kitovu cha gurudumu. Baiskeli za bei nafuu mara nyingi hutoka dukani koni (vipande vinavyobana gololi kwenye ekseli) zikiwa zimekazwa mno na grisi ya kulambisha tu. Fungua, safisha, weka grisi mpya. Kwa kawaida gololi ni 10 kila upande mbele na 9 kila upande nyuma. Unapokaza nati ya nje, shika koni kwa spana nyembamba, la sivyo itageuka pamoja na nati na utarudi ulikoanza.

Kiti kipandishe mpaka kisigino kikiwa juu ya pedeli iliyo chini kabisa, mguu unyooke. Usipite alama ya mwisho kwenye bomba lake. Hili halina gharama, na wengi wanaolalamika magoti wamekaa chini mno.

Shokapu ya nyuma haina dawa ya kweli. Kaza pete ya springi ili ipunguze kudundadunda unapokanyaga, lakini usikubali kuchomelewa: fremu imetengenezwa ipinde hapo, na nguvu hiyo itahamia kwenye viungo visivyoiweza.

SWALI: Naweza kufunga magurudumu ya 700 ya baiskeli ya mbio kwenye baiskeli ya milimani?
Msomaji, Moshi

JIBU: Kama breki zako zinabana ringi, hapana. Ringi ya 700 ina kipenyo cha milimita 622, yako, kama ni ya inchi 26, 559, kwa hiyo raba zitakuwa chini ya ringi kwa zaidi ya sentimita 3. Mwenye breki za diski anaweza kujaribu, ila apime kwanza nafasi kati ya miguu ya fremu nyuma: nyingi za milimani ni milimita 135, na habu nyingi za baiskeli za mbio za breki za kawaida ni 130, tena hazina mahali pa kufungia diski.